Pierre Méchain na Hitilafu ya Sekunde Tatu

Utangulizi

Katika Kiswahili, nomino kosa na hitilafu aghalabu hutumiwa kana kwamba ni visawe. Hata hivyo, maneno haya hayana asili moja wala hayabebi uzito mmoja. Kosa linatokana na kitenzi kukosa, nalo huambatana na mtu: yupo aliyekosa, yupo anayemlaumu, na yamkini yupo anayeombwa msamaha. Hitilafu, kwa upande wake, ni neno lililotoholewa kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni tofauti. Hitilafu huzuka pale ambapo mambo mawili yaliyotarajiwa kuoana yanakataa kuoana. Si lazima awepo mwenye hatia.

Mwanafalaki wa Kifaransa Pierre Méchain aliishi miaka yake ya mwisho katika mwanya ulio baina ya maneno haya mawili. Yeye ni mmoja wa wanazuoni wawili waliopima sehemu ya dunia ili kipatikane kipimo cha mita, ambacho leo hutumiwa na fundi cherehani wa Mombasa sawa na mhandisi wa Paris. Katika kazi hiyo aliona hitilafu ndogo mno kwenye hesabu zake. Badala ya kuitangaza, aliichukulia kuwa kosa lake binafsi, akaificha kwa miaka kumi, hata akafa ugenini akijaribu kuifuta. Baada ya kifo chake ilibainika kwamba alichokificha ni ugunduzi ambao wakati wake haukuwa umefika.

Malezi na Elimu

Méchain alizaliwa tarehe 16 Agosti 1744 katika mji wa Laon, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa lipu na dari za nyumba, kazi ambayo haikuiletea familia utajiri. Kijana huyo alidhihirisha kipawa cha hisabati mapema, akaenda Paris kusomea uhandisi katika chuo cha madaraja na barabara. Masomo hayo hakuyakamilisha kwa sababu ya ukata, ikambidi kujikimu kwa kuwafundisha watoto wa watu majumbani mwao.

Inasimuliwa kwamba baba yake alipokabwa na madeni ya kesi, Méchain aliuza chombo chake cha falaki ili amsaidie. Mnunuzi alikuwa Jérôme Lalande, mmoja wa wanafalaki mashuhuri wa zama hizo. Lalande alivutiwa na kijana huyo, akampa miswada ya kitabu chake cha falaki aisahihishe kabla ya kuchapishwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya Méchain katika taaluma ilikuwa kazi ya kusaka makosa ya wengine, na kazi hiyo aliifanya kwa ustadi uliomshangaza mwalimu wake.

Kwa msaada wa Lalande, mwaka 1772 Méchain alipata kazi katika ofisi ya ramani za jeshi la majini huko Versailles. Mchana alikokotoa na kuchora ramani za pwani. Usiku alielekeza darubini yake angani. Mwaka 1777 alimwoa Barbe-Thérèse Marjou, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili. Baadaye familia hiyo iliishi katika makao ya Kituo cha Falaki cha Paris.

Mwanafalaki Mwangalifu

Sifa ya Méchain ilitokana na uangalifu. Mwaka 1781 aligundua nyotamkia mbili, na katika miaka iliyofuata akagundua nyingine kadhaa. Ile aliyoiona Januari 1786 ndiyo ambayo baadaye ilikuja kuitwa kwa jina la Encke, aliyekokotoa mzunguko wake. Aidha, aliona zaidi ya vitu ishirini vilivyofanana na mawingu ya nuru angani, ambavyo rafiki yake Charles Messier aliviingiza katika orodha yake maarufu.

Kazi iliyompatia heshima kubwa kuliko zote ilihusu kosa la mtu mwingine. Mwingereza Edmond Halley alikuwa amedhani kwamba nyotamkia ya mwaka 1532 na ile ya 1661 zilikuwa moja, na kwa hiyo ingerejea karibu na mwaka 1790. Méchain alizipekua kumbukumbu za zamani, akazikokotoa upya, akathibitisha kwamba zilikuwa nyotamkia mbili tofauti. Mnamo 1782 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimtuza kwa kazi hiyo na kumpokea kuwa mwanachama. Kuanzia 1785 alihariri kitabu cha kila mwaka cha majedwali ya falaki kilichotegemewa na mabaharia. Katika majedwali kama hayo tarakimu moja iliyokosewa ingeweza kulipeleka jahazi mwambani.

Mwaka 1787 alishiriki pamoja na Cassini na Legendre katika upimaji uliounganisha vituo vya falaki vya Paris na Greenwich. Alipofikia umri wa miaka 45, Méchain alikuwa amejijengea jina la mtu ambaye hesabu zake hazikuwa na haja ya kuhakikiwa. Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kumlemea.

Haja ya Kipimo Kimoja

Kabla ya Mapinduzi ya 1789, Ufaransa haikuwa na kipimo kimoja cha urefu wala cha ujazo. Kila jimbo, na mara nyingi kila soko, lilikuwa na vipimo vyake. Hali hiyo si ngeni kwa anayekumbuka dhiraa, shubiri na pima za pwani ya Afrika Mashariki, vipimo vilivyotegemea mkono wa mpimaji. Mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mfupi hawawezi kuuziana kitambaa bila mmoja wao kunung'unika.

Mwaka 1791 wanazuoni wa Akademia walipendekeza kipimo ambacho hakingekuwa cha mfalme wala cha taifa lolote. Mita ingekuwa sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Haikuwezekana kuupima umbali huo wote, kwa hiyo iliamuliwa ipimwe sehemu yake, kutoka Dunkerque kaskazini mwa Ufaransa hadi Barcelona nchini Uhispania, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000.

Kazi yenyewe ilikuwa ya aina mbili. Kwanza, mpimaji alipanda juu ya minara ya makanisa na vilele vya milima, akapima pembe za pembetatu zilizoungana moja baada ya nyingine. Urefu wa upande mmoja ukijulikana, pande nyingine zote hupatikana kwa kukokotoa. Pili, katika ncha za mstari huo ilibidi latitudo ibainishwe kwa kuzitazama nyota. Tofauti ya latitudo ingeonyesha mstari uliopimwa ni sehemu gani ya mzingo wa dunia, na hapo mita ingepatikana.

Jean-Baptiste Delambre alipewa sehemu ya kaskazini, kutoka Dunkerque hadi Rodez. Méchain alipewa sehemu ya kusini, kutoka Rodez hadi Barcelona. Sehemu hii ilikuwa fupi, lakini ilipita katika milima ya Pyrenees.

Kila mmoja alibeba chombo kipya kilichobuniwa na Borda na kuundwa na fundi Lenoir. Kilikuwa duara la shaba lenye darubini mbili, lililomwezesha mpimaji kuirudia pembe ileile mara nyingi bila kurejea kwenye sifuri, kisha akaigawanya jumla kwa idadi ya marudio. Chombo hicho kilijengwa juu ya imani kwamba hitilafu ni suala la subira. Anayepima mara kumi hupunguza hitilafu. Anayepima mara mia huipunguza zaidi. Na mwenye subira isiyo na kikomo huenda akaifuta kabisa.

Mont-Jouy

Méchain aliondoka Paris mwishoni mwa Juni 1792, wakati Mapinduzi yalipokuwa yakipamba moto. Hakufika mbali kabla ya wananchi wenye shaka kumzuia wakidhani kwamba vyombo vyake vilikuwa silaha. Hatimaye aliruhusiwa kuendelea, akaingia Uhispania pamoja na msaidizi wake Tranchot, akazipima pembetatu za Catalonia kwa muda mfupi kuliko ilivyotarajiwa.

Katika majira ya baridi ya 1792 hadi 1793 alikaa katika ngome ya Mont-Jouy, iliyo juu ya kilima kando ya Barcelona. Huko alizitazama nyota usiku baada ya usiku na kuandika mamia kwa mamia ya vipimo. Karibu zote zilipatana. Nyota moja tu, Mizar, ilitoa jibu lililotofautiana kidogo na wenzake. Mizar hupita karibu na upeo wa macho, mahali ambapo hewa huupinda mwanga zaidi, na Méchain aliona kwamba sababu hiyo ilitosha. Aliyapeleka matokeo yake Paris, nayo yakapokelewa kwa pongezi.

Kisha mambo yalianza kuharibika. Machi 1793 Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Uhispania, na Méchain akajikuta raia wa taifa adui katika nchi ya ugenini. Katika majira hayohayo, daktari rafiki yake alimpeleka kuona mtambo mpya wa kuvutia maji nje ya mji. Mtambo ulimpiga kwa nguvu, ukamvunja mbavu na mfupa wa bega. Alipoteza fahamu kwa siku kadhaa, na wengi hawakutarajia kwamba angepona. Alipona, ila mkono wake wa kulia haukurejea katika nguvu zake za awali.

Wakuu wa Uhispania hawakumruhusu kurudi kwao wala kupanda tena ngomeni Mont-Jouy. Méchain alipanga chumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Fontana de Oro, ndani ya mji wa Barcelona, mwendo wa takriban kilomita 2 kutoka ngomeni. Hakuwa na kazi. Familia yake ilikuwa Paris, ambako watu walikuwa wakiuawa kwa kukatwa vichwa. Akademia iliyomtuma ilivunjwa Agosti 1793. Kwa mtu wa aina yake, dawa ya hofu ilikuwa kupima.

Sekunde Tatu

Katika majira ya baridi ya 1793 hadi 1794 Méchain aliweka chombo chake katika nyumba ya wageni na kuipima latitudo ya mahali hapo kwa nyota zilezile. Aliiunganisha nyumba hiyo na ngome kwa pembetatu ndogo, ili ajue barabara umbali uliokuwapo baina yake. Kazi hii haikuwa ya lazima. Alikusudia tu kuyathibitisha matokeo ya Mont-Jouy.

Matokeo hayakuthibitika. Latitudo mbili hizo, zikilinganishwa kupitia umbali uliopimwa, zilitofautiana kwa sekunde zipatazo tatu na kidogo. Sekunde hizi si za saa bali za pembe: digrii moja hugawanywa katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Juu ya uso wa dunia, tofauti hiyo ni sawa na takriban mita 100. Kwa baharia wa wakati huo lilikuwa jambo dogo lisilostahili kutajwa. Kwa Méchain, aliyezoea vipimo vinavyopatana hadi sehemu ndogo ya sekunde, ilikuwa aibu.

Kiini cha mkasa huu ni ukweli kwamba vipimo vya Mont-Jouy vilipatana vyenyewe kwa vyenyewe, na vile vya Fontana de Oro vilipatana vyenyewe kwa vyenyewe. Vilichokataa ni kupatana baina yao. Laiti vingekuwa vimetawanyika ovyo, Méchain angejua mpimaji alikuwa mzembe au usiku ulikuwa na mawingu. Lakini kila kundi lilikuwa thabiti, na hapo ndipo akili yake ilipokwama. Katika fikra zake, na katika fikra za wanazuoni wengi wa karne hiyo, vipimo vinavyopatana vilikuwa ndivyo vipimo sahihi. Tofauti iliposhindwa kuelezwa, ilibaki sababu moja tu, nayo ilikuwa yeye mwenyewe.

Mfano wa sokoni unaweza kulifafanua jambo hili. Mnunuzi akipimiwa mchele kwa pishi nzima na mpimaji mwenye mkono unaotetemeka, mara atazidishiwa, mara atapunjwa, na baada ya mara mia tofauti hizo zitafidiana. Lakini pishi yenyewe ikiwa imebonyea, kupima mara mia hakutamsaidia. Atapunjwa kiasi kilekile mara mia moja, na uthabiti wa vipimo ndio utakaomfanya aamini kwamba hajapunjwa. Hitilafu ya aina ya kwanza huponywa kwa kurudia. Ya pili haiponywi kwa kurudia, kwa maana hurudi pamoja na kila kipimo. Chombo cha Borda kilikuwa dawa ya aina ya kwanza, na Méchain aliendelea kukitumia kuisaka ya pili.

Kuficha

Alitamani kurudi Mont-Jouy apime upya, lakini ngome ilikuwa imefungwa kwake. Mwaka 1794 aliruhusiwa kuondoka Uhispania, akaenda Italia na kukaa Genoa kwa miezi mingi. Hakumweleza yeyote habari ya vipimo vya Fontana de Oro. Katika kipindi hichohicho Lavoisier, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wa mradi, alinyongolewa kwa kisu cha Mapinduzi mnamo Mei 1794, na Delambre naye alikuwa ameondolewa kazini kwa muda.

Mwaka 1795 kazi ilianza upya na Méchain akarejea kusini mwa Ufaransa. Mwendo wake sasa ulikuwa wa kusitasita. Delambre alisonga kituo baada ya kituo kutoka kaskazini, ilhali Méchain alikawia milimani msimu baada ya msimu. Barua zake kwa Delambre na kwa Borda zilijaa majuto na kujishutumu, bila kutaja bayana kilichokuwa kikimsumbua. Alidokeza kwamba hakustahili kurudi Paris. Hatimaye, mwaka 1798, mkewe alisafiri hadi kusini ili amhimize aikamilishe kazi. Mwishoni mwa mwaka huo, baada ya safari iliyotarajiwa kuchukua muda mfupi na ikachukua zaidi ya miaka sita, Méchain aliingia Paris pamoja na Delambre.

Huko walisubiriwa na kamati ya wanazuoni kutoka nchi mbalimbali, zikiwamo Uholanzi, Denmark, Uswisi, Uhispania na dola za Italia. Kamati ilitaka kuyaona madaftari. Delambre alitoa yake kama yalivyoandikwa mlimani. Méchain aliomba muda, kisha mapema mwaka 1799 akawasilisha muhtasari alioupanga vizuri. Latitudo aliyoitoa ilikuwa ya Mont-Jouy pekee. Vipimo vya Fontana de Oro vilibaki kwake. Wanakamati walisifu jinsi tarakimu zake zilivyopatana.

Tarehe 22 Juni 1799, ufito wa madini ya platini uliochukuliwa kuwa mita rasmi uliwasilishwa na kuhifadhiwa katika Nyaraka za Taifa. Méchain alikabidhiwa uongozi wa Kituo cha Falaki cha Paris. Kwa macho ya watu, alikuwa amefika kileleni. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na sifa alizomiminiwa ziliyazidisha maradhi yake, kwani kila pongezi ilimkumbusha kwamba aliipata kwa kunyamaza.

Safari ya Mwisho

Kulikuwa na njia moja ya kulizika jambo hilo kwa heshima. Ikiwa mstari ungeendelezwa kusini kupita bahari hadi visiwa vya Balearic, Barcelona isingekuwa tena ncha ya mstari, na latitudo yake isingehitajika. Mpango huo ulikuwa pia na manufaa ya kisayansi, kwa hiyo Méchain aliweza kuutetea bila kufichua sababu yake ya ndani. Serikali ilitaka ipelekwe timu ya vijana. Yeye alisisitiza kwenda mwenyewe.

Aliondoka mwaka 1803 akiwa na umri wa miaka 58. Ucheleweshaji wa meli, ugumu wa kuona ishara za moto ng'ambo ya bahari na maradhi yaliyoenea pwani ya mashariki ya Uhispania viliikwamisha kazi. Badala ya kurudi, alishuka kwenye nchi tambarare ya pwani ya Valencia, mahali palipojulikana kwa homa. Tarehe 20 Septemba 1804 alifariki kwa homa katika mji wa Castellón de la Plana akiwa na umri wa miaka 60. Visiwa hakuviunganisha. Kazi hiyo ilikamilishwa na vijana wawili, Biot na Arago, baina ya 1806 na 1808.

Delambre na Makaratasi

Karatasi za Méchain zilimfikia Delambre, aliyekuwa akiandika taarifa kamili ya upimaji. Taarifa hiyo ilichapishwa kwa majuzuu matatu mnamo 1806, 1807 na 1810. Delambre alipozipanga karatasi hizo alikuta nyingi zikiwa za kuachana, tarakimu zimefutwa na kuandikwa upya, na vipimo vya Fontana de Oro vikiwa havijawahi kuonwa na yeyote. Ndipo alipoelewa barua za rafiki yake.

Delambre alikabiliwa na uamuzi mgumu. Kuficha kungemlinda marehemu na kuisaliti taaluma. Kufichua kila kitu kungeiaibisha familia ya mtu aliyekufa kazini. Alichagua njia ya katikati. Alivichapisha vipimo vya Fontana de Oro ili wanazuoni wavitumie, akarekebisha alichoweza kukirekebisha kutokana na kumbukumbu za awali, na akaziweka karatasi zote pamoja na barua katika hifadhi ya Kituo cha Falaki cha Paris, ambako vizazi vya baadaye vingeweza kuzisoma. Hakumtukana mwenzake. Wala hakumtakasa.

Ufafanuzi wa Hitilafu

Uamuzi huo ulizaa matunda. Mwaka 1828 mwanafalaki Nicollet alivikokotoa upya vipimo vya Mont-Jouy na Fontana de Oro. Alizigawa nyota katika makundi mawili: zilizopita kaskazini ya utosi wa anga na zilizopita kusini yake. Chombo kisiposimama wima sawasawa na timazi, au kiwango cha kupinda kwa mwanga kikikadiriwa vibaya, nyota za upande mmoja huisogeza latitudo juu na za upande wa pili huisogeza chini. Makundi hayo yalipopewa uzito sawa, tofauti iliyomtesa Méchain ilipungua hata ikabaki sehemu ndogo ya sekunde moja. Vipimo vyake vilikuwa vizuri. Kilichokosekana ni nadharia ya kuvisoma.

Nadharia hiyo ilikuwa mlangoni. Mwaka 1805, mwaka mmoja baada ya kifo cha Méchain, Legendre alichapisha mbinu ya miraba midogo kabisa, inayotafuta jibu ambalo jumla ya miraba ya tofauti zake na vipimo vyote ni ndogo kuliko ya jibu jingine lolote. Mfano alioutumia kuieleza ulitokana na vipimo vya mstari uleule wa Dunkerque na Barcelona. Mwaka 1809 Gauss aliiunganisha mbinu hiyo na nadharia ya uwezekano. Tangu hapo, hitilafu ilianza kuwa kitu kinachopimwa, kinachoandikwa kando ya jibu na kinachotarajiwa. Kufikia mwaka 1950, Mmarekani Richard Hamming alipochapisha mbinu ya kusimba data ili mashine itambue na kurekebisha hitilafu yenyewe, msingi wa fikra ulikuwa ni uleule: mfumo imara ni ule unaokubali mapema kwamba hitilafu itatokea, ukaitengea nafasi.

Kejeli nyingine ni kwamba dunia yenyewe haikuwa na umbo walilolidhania. Vipimo vya Delambre na Méchain peke yake viliashiria kwamba ubapa wa dunia kwenye ncha zake ulikuwa kama sehemu 1 kwa 150. Kamati ilipovilinganisha na vipimo vya Peru vya karne hiyohiyo ilipata 1 kwa 334, ikachagua jibu hilo la pili. Tofauti hiyo haikutokana na uzembe wa yeyote. Dunia ina mabonde na miinuko ya umbo ambayo hakuna hesabu ya duara bapa inayoweza kuyaeleza yote. Leo inafahamika kwamba umbali kutoka Ncha hadi Ikweta ni takriban mita 10,002,000, si 10,000,000. Mita ya 1799 ni fupi kuliko ilivyokusudiwa kwa takriban milimita 0.2, na sehemu kubwa ya upungufu huo inatokana na ukadiriaji wa umbo la dunia wala si sekunde za Méchain.

Hata hivyo, mita haikubadilishwa. Mwaka 1889 ilihamishiwa kwenye ufito mpya, mwaka 1960 kwenye urefu wa wimbi la mwanga wa kriptoni, na tangu 1983 inafasiliwa kwa mwendo wa mwanga, ambao ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Katika mabadiliko hayo yote, urefu wenyewe umehifadhiwa kwa karibu kabisa. Kila mita ya kitambaa inayokatwa leo imebeba hitilafu ya 1799, na hakuna anayepunjwa, mradi wote wanatumia kipimo hichohicho.

Hitimisho

Maisha ya Méchain yanadhihirisha kwamba hitilafu na kosa hukaa jirani, na kwamba mtu anaweza kuvuka kutoka moja hadi jingine bila kukusudia. Sekunde tatu za Barcelona zilikuwa hitilafu. Hakuna aliyestahili kulaumiwa kwazo. Kuzificha kulikuwa kosa. Ufichaji huo uliwanyima wenzake fursa ya kuuliza, mapema zaidi, kwa nini vipimo vinavyopatana vinaweza kuwa si sahihi. Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko jibu lolote alilolipeleka Paris.

Si wanafalaki pekee wanaohusika. Mtafiti wa lahaja anayerudi kutoka nyanjani na rekodi hamsini zinazounga mkono nadharia yake na mbili zinazoipinga yuko katika chumba cha Fontana de Oro. Mhariri wa diwani ya kale anayekuta nakala mbili za utenzi mmoja zisizolingana, akachapisha moja na kuinyamazia ya pili, yuko humo pia. Kila mmoja ana sifa ya kulinda, na mara nyingi hakuna atakayegundua.

Lililoiokoa kazi ya Méchain ni kwamba, pamoja na aibu yake yote, hakuzichoma karatasi. Alifuta, aliandika juu, alizificha. Lakini alizibeba hadi mwisho, zikamfikia mtu aliyeziweka mahali pa kusomeka. Karatasi hizo ndizo zilizomwezesha Nicollet, robo karne baadaye, kuthibitisha kwamba mkono wa Méchain haukuwa umekosea.